Jina Lilikuwa Lake Kitaa, Kwenye Karatasi Lilikuwa la Mwingine

Kama unaishi Dar na una akaunti ya Instagram, tisheti zake umeshaziona. Labda hata unayo moja kabatini. Jina la huyu mdada linabaki kapuni, na jina la brandi yake pia, kwa sababu mambo yenyewe bado ya moto. Tumwite Dada wa Tisheti tu, maana hata kitaa kwao Sinza wanamwita hivyohivyo.

Februari 2024, siku ya Jumatano, alishuka kwenye mwendokasi Kariakoo kufuata tisheti nyeupe za jumla kama kawaida yake. Akiwa anakatiza kwenye vibaraza vya maduka, macho yakagota juu. Tisheti yake inaning'inia. Jina lake, maandishi yake, na ile korosho ya kanga iliyochorwa upande wa moyo. Bei yake 8,000. Yeye anauza 25,000.

Akaisogelea. Korosho ilikuwa imepinduliwa, ncha inaangalia chini. Ya kwake inaangalia juu. Akamuuliza kijana wa dukani, "Kaka, hizi mnatoa wapi?" Kijana bila hata kumtazama akajibu, "Za kwetu hizi dada, bosi kasajili kabisa. Unachukua ngapi?"

Wengine wangeanzisha varangati palepale. Yeye hakusema kitu. Alinunua moja, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba, akasahau hata tisheti nyeupe zilizompeleka.

Ili uelewe kilichomuuma, rudi nyuma mpaka 2019. Dada alikuwa ametoka chuo, ajira hakuna, mfukoni ana laki na ushee. Alinunua tisheti 12. Bibi yake alikuwa amefariki mwaka huo na kuacha kanga moja yenye korosho kubwa pembeni, na mdada akataka hiyo korosho iwe alama yake. Yeye kuchora hajui. Alikuwa na mshkaji wake wa chuo, fundi wa kompyuta na michoro, akamwambia, "Nichoree basi, nikipata nitakutoa." Jamaa akakesha siku mbili. Malipo yalikuwa chipsi kuku na soda, na nauli ya bodaboda kurudi Mwananyamala. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Nani anaandikiana karatasi na mshkaji?

Zile 12 zikaisha ndani ya wiki. Akachapa 20, kisha 50. Oda zinaingia kwa DM na WhatsApp, mzigo unaenda na bodaboda, hela inaingia kwenye laini ya mama yake kwa sababu ya kwake ilikuwa inasumbua. Ikaanza kama dharura, ikawa ndiyo mfumo.

Mwaka 2021 mtu akamshauri asajili jina. Akaenda steshenari moja hapo mtaani, wakamfungulia kwenye mfumo wa BRELA, akasajili jina la biashara. Cheti kilipotoka alikichapisha, akakitia kwenye fremu ya kioo, akakiposti. "Sasa tuko rasmi." Hongera zikamiminika, hongera bosi, hongera mama lao. Hakuna hata mmoja kati ya wale wote aliyemwambia kwamba jina la biashara ni kitu kimoja na alama ya biashara ni kitu kingine. Ofisi ni hiyohiyo ya BRELA, lakini madaftari mawili tofauti. Cheti cha jina la biashara kinasema tu kwamba fulani anafanya biashara kwa jina hili. Hakikupi ulinzi wa lile neno na ule mchoro juu ya bidhaa. Huo unaupata kwa kusajili alama, kwa daraja la bidhaa yako, na nguo ziko daraja la 25.

Halafu ikaja Desemba 2022. Msanii mmoja mkubwa, naye jina kapuni, akaivaa ile tisheti kwenye video. Hakulipwa, aliipenda tu. Mwaka 2023 ukawa mwaka wa neema. Mdada akapanga fremu Sinza, akaajiri wasichana wawili, akabadilisha simu, akaanza kuitwa kwenye mahojiano kuzungumzia "safari yake". Kwenye mahojiano yote hayo hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu kodi, na yeye hakuleta hiyo stori.

Si kwamba alikuwa hajui kabisa. Alikuwa anajua kidogo, na kidogo ndicho kibaya zaidi. Wakati wa kutafuta leseni ya biashara halmashauri walimtaka awe na TIN, akaenda TRA akaipata bure, maana TIN haiuzwi, ukiona mtu anakuuzia ujue unapigwa. Alipoulizwa kwa mwaka anatarajia kuuza kiasi gani, akakadiria milioni 9. Kwa mfanyabiashara mdogo asiye na kumbukumbu, mauzo ya kati ya milioni 7 na 11 kodi yake ilikuwa 250,000 kwa mwaka. Ukiigawa mara nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba, ni 62,500 kila awamu. Akalipa zote, kwa wakati. Akawa analala usingizi wa mtu aliyemaliza deni.

Sasa mwanzoni mwa Februari 2024, siku chache kabla ya ile safari ya Kariakoo, ikaingia barua pepe ya kampuni moja kubwa. Wana tamasha, wanataka tisheti 600, kila moja 15,000. Piga hesabu, milioni 9 kwa mkupuo mmoja. Mauzo ya mwaka mzima aliyokadiria, yamekuja na oda moja! Masharti yakaja nyuma yake: TIN, leseni, risiti ya mashine ya EFD, na barua ya kuthibitisha kwamba alama iliyo kwenye tisheti ni mali yake.

Risiti ya EFD hana, kwa sababu mashine hana. Na alama, baada ya ile Jumatano, hana uhakika kama ni yake.

Alimpigia binamu yake, wakili kijana asiyependa stori ndefu. Binamu akaingia kwenye mfumo, akatafuta, akanyamaza muda mrefu mpaka mdada akadhani simu imekatika.

"Hajasajili bado," akasema. "Ameomba. Daraja la 25. Ombi limeshatangazwa kwenye jarida la BRELA."

"Si afadhali?"

"Afadhali kidogo. Likitangazwa kuna siku 60 za mtu yeyote kupinga. Zimepita 41."

Zimebaki 19.

Hapo ndipo kila kitu alichokiacha kuanzia 2019 kilipomrudia kwa pamoja. Anayepinga kwa kusema "mimi nilitangulia kulitumia" anatakiwa kuthibitisha. Uthibitisho ni nini? Ni mauzo. Ni risiti zenye tarehe, ni vitabu vya hesabu. Yaani karatasi zilezile ambazo kwa miaka yote alikuwa anazikwepa ili asionekane, ndizo zilikuwa zinatakiwa sasa ili aonekane. Binamu alimweleza hivyo kwa upole, lakini ukweli wa namna hiyo hauna upole.

Kikawepo na kingine. Akiweka mezani mauzo halisi ya 2023 kama ushahidi wa alama, TRA nao watayaona. Kuna watu hapa wangeacha. Wangesema bora nipoteze jina nianze na jina lingine, Dar hii majina yapo mengi. Mdada alilala usiku mmoja na hilo wazo. Asubuhi akaichukua ile kanga ya bibi, akamwambia mama yake, "Mama, naomba taarifa ya laini yako ya mwaka mzima."

Hiyo taarifa ilikuwa na kurasa mpaka basi. Jumla iliyoingia 2023: milioni 61. Mama akashika kichwa. "Mwanangu, mimi hela hizo sijawahi kuziona."

Ndiyo ubaya wa laini moja kubeba mambo yote. Humo kulikuwa na hela za tisheti, hela za vikoba ambavyo mama ni mweka hazina, michango ya harusi ya binamu mwingine, ada ya mdogo wake aliyotuma mjomba kutoka Mwanza. Usipoweza kutenganisha, kwa nini mtu mwingine akutenganishie? Kwa usiku nne, mama na binti walikaa mezani na kaunta buku na kalamu mbili. Nyekundu ya vikoba na familia, bluu ya tisheti. Muamala mmoja mmoja. Walibishana, walicheka, kuna sehemu mama alilia kwa sababu aliona muamala wa marehemu shosti yake. Walipomaliza, nyekundu ilikuwa milioni 23 na bluu milioni 38.

Milioni 38. Kwa viwango vya wakati huo, mauzo yakivuka milioni 11 mpaka milioni 100, mtu binafsi analipa asilimia 3.5 ya mauzo. Na hapa wengi wanachanganya: ni asilimia ya mauzo, siyo ya faida. Kama ulipata hasara kwenye mzigo, kama bodaboda alikimbia na boksi, hiyo hesabu haijui. Asilimia 3.5 ya milioni 38 ni 1,330,000. Ameshalipa 250,000. Bado 1,080,000, na riba na faini juu yake. Na kwa mauzo hayo alitakiwa awe na mashine ya EFD muda mrefu.

Alikwenda TRA mwenyewe na kaunta buku lake kwapani. Alitegemea kufokewa. Ofisa mama wa makamo alifunua kurasa, akaziangalia zile rangi mbili, akauliza, "Hii nyekundu ni nini?" Akaelezwa. Akauliza kuhusu vikoba, akataka kuona daftari la kikundi. Kesho yake mama akaenda naye, na daftari la kikundi, na mwenyekiti wa kikundi! Wakakaa. Nyekundu ikakubalika. Ya bluu akaomba kulipa kwa awamu, akakubaliwa, akaondoka ameinamisha kichwa kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, maumivu yapo lakini ulimi unapita.

Ila kabla hajaondoka, yule ofisa alimuuliza swali ambalo hakulitegemea. "Hiyo fremu umepanga? Na zile asilimia 10 unazipeleka?"

Kiswahili chetu kina utani. Kodi ni ile unayompa mwenye nyumba, na kodi ni ile unayoipa serikali. Mpangaji wa fremu ya biashara anatakiwa akate asilimia 10 kwenye kodi ya pango, aipeleke TRA, halafu ampe mwenye nyumba hati ya kuonyesha imekatwa. Pango lake lilikuwa 300,000 kwa mwezi, analipa miezi sita kwa mkupuo, 1,800,000. Ameshalipa mara mbili. Hakukata hata senti.

Akamfuata mzee mwenye nyumba. Alimkuta barazani na kahawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Umeleta kodi?"

"Nimekuja kuhusu kodi, mzee. Ile nyingine."

Akamweleza vizuri, kwa heshima zote, kwamba 180,000 kwa kila mkupuo ilikuwa ya serikali na inatoka kwenye pango la mzee, siyo mfukoni mwake yeye. Mzee akanywa funda moja, akasema, "Binti yangu, kodi ya nyumba unanilipa mimi. Hiyo nyingine kamlipe huyo aliyekutuma." Mazungumzo yakaishia hapo. Ukiwa mpangaji Dar unajua huwezi kushindana na mzee mwenye fremu ambayo watu watatu wameshaiulizia. Zile 360,000 alilipa yeye. Sheria inasema vingine, baraza linasema vingine.

Siku zinayoyoma. Zimebaki 11.

Binamu alikuwa amekusanya vya kukusanya: posti za 2019 zenye tarehe, meseji za wateja, ile video, cheti cha jina la biashara cha 2021, risiti ya mkono ya mchapaji wa kwanza iliyokutwa ndani ya pochi ya zamani, wino umefifia. Lakini alisema kitu chenye nguvu kuliko vyote ni mchoro wenyewe. Kazi ya sanaa kama ile inalindwa na sheria ya hakimiliki tangu ilipochorwa, haihitaji kusajiliwa ndipo ilindwe. Unaweza kuiorodhesha COSOTA, na inasaidia kuwa na kumbukumbu, lakini haki inazaliwa na kazi. Inaishi maisha yote ya mchoraji na miaka 50 baada ya kufa kwake. Yule mfanyabiashara wa Kariakoo kanakili mchoro wa mtu, kaupindua tu.

"Safi sana," mdada akasema. "Basi tumempata."

"Mchoro ni wa nani?" binamu akauliza.

"Si wangu."

"Nani aliuchora?"

Kimya.

Mchoro ukichorwa na mfanyakazi wako akiwa kazini kwako, hiyo ni habari nyingine, unakuwa wa mwajiri kama hamkukubaliana tofauti. Lakini mshkaji hakuwa mfanyakazi. Alikuwa mshkaji. Na haki za kiuchumi za kazi ya mtu hazihamishwi kwa chipsi kuku, zinahamishwa kwa maandishi yaliyosainiwa na pande mbili. Kwa miaka mitano Dada wa Tisheti alikuwa anauza moyo wa bibi yake kwa mkono wa mtu mwingine, na huyo mtu hakuwahi kuitwa hata kwenye sherehe ya kufungua fremu. Alikuwa ametuma meseji ya pongezi siku ile. Meseji ilisomwa. Haikujibiwa.

Sio roho mbaya. Ulikuwa ule ubize wa kufanikiwa, ambao ukiwa ndani yake huuoni.

Alimkuta Mwananyamala, chumba kilekile, kompyuta mpya, miwani mipya. Jamaa hakushangaa kumwona. Akamkaribisha kiti, akaendelea na kazi yake kidogo, kisha akageuka.

"Umekuja kwa sababu ya mchoro, au umekuja kunisalimia?"

Swali hilo halina jibu zuri. Mdada angeweza kudanganya. Akasema, "Mchoro." Akatoa ile tisheti ya 8,000 mkobani, akaitandaza kitandani. Jamaa akaiangalia. Na ajabu, kilichomuudhi yeye siyo wizi. Ni ile korosho kupinduliwa. "Huyu hajui hata kanga inavaliwaje," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu wakacheka pamoja.

Kicheko hakikufuta deni. Jamaa alikuwa na faili la kwanza kabisa, lenye tarehe ya 2019, na michoro minne ya majaribio. Akasema atalitoa, na ataapa kiapo kwa wakili, lakini safari hii kwa karatasi. Alitaka milioni 2, na shilingi 500 kwa kila tisheti yenye korosho kuanzia siku ya kusaini, na jina lake litajwe. Mdada akaomba ile milioni 2 ailipe kwa miezi minane. Jamaa akafikiria. "Sita." Wakasaini mbele ya binamu, kila mtu nakala yake. Ukitaka kujua kama bei ilikuwa kubwa, gawanya milioni 2 kwa miaka mitano ya kimya.

Pingamizi liliwasilishwa siku ya 58.

Ile kampuni ya tamasha haikusubiri. Kwa ustaarabu kabisa waliandika kwamba wamepata mtoa huduma mwingine, na tamasha lilipofanyika watu walivaa tisheti za kawaida zenye nembo ya kampuni. Milioni 9 zikapita hivyo. Mdada aliangalia picha za tamasha mtandaoni mpaka saa nane usiku, akazima simu.

Na mfanyabiashara wa Kariakoo? Mwombaji akipingwa anatakiwa ajibu kwa maandishi, asipojibu ombi lake linahesabiwa ameliacha. Yeye hakujibu kwa maandishi, alijibu kwa simu. Sauti ya mtu mzima, tulivu, haina hata aibu. "Mdogo wangu, mimi niliona kitu kinauza, nikakuta hakina mwenyewe. Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Akaomba aachwe amalize mzigo uliobaki. Binamu akakataa. Mdada akamwambia binamu ampe mwezi mmoja. Ndugu zake mpaka leo wanabishana naye kuhusu huo mwezi, na labda wana haki, lakini alikuwa amechoka, na aliyechoka anapatana.

Baadaye akaomba alama kwa jina lake, neno na korosho pamoja, daraja la 25. Ikipita inalindwa miaka 7, kisha inahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Wateja wake wa Unguja ni wengi, na usajili wa Bara hauvuki maji, Zanzibar wana ofisi yao na utaratibu wao. Hilo amelisogeza mbele, hela imeisha. Mama amerudishiwa laini yake. Biashara ina laini yake, na kaunta buku limekuwa la pili sasa, ingawa mashine ya EFD ipo kaunta na inatoa sauti yake kila mara wasichana wakiuza.

Mwezi mmoja ulipopita alishuka tena Kariakoo, kufuata tisheti nyeupe. Duka lilelile. Kwenye kona, ndani ya boksi chini, zilikuwa zimebaki chache, korosho imepinduliwa, bei imeshuka mpaka 5,000. Kijana yuleyule. Hakumkumbuka.

Akachukua moja, akalipa, akanyoosha mkono.

"Naomba risiti."

Kijana akamtazama kama mgeni aliyeshuka leo Ubungo. "Dada, tisheti ya buku tano, risiti ya nini?"

Mdada akavuta kile kistuli cha mlangoni, akakaa.